Kura za Kunong'ona za Bugeshi

Nasikia baadhi yenu mmechaguliwa kusimamia vyumba vya kura safari hii, na mjukuu wangu Zaina ni mmoja wenu. Alikuja kuniuliza kazi hiyo ilikuwaje zamani, nikamwambia mambo mawili matatu, kesho yake akarudi na nyinyi wote. Bon. Kaeni basi, na yule wa mlangoni avute kiti.

Nilikuwa karani wa ofisi ya teritwari, yaani wilaya ya Wabelgiji, hapa Gisenyi tangu ujana mpaka macho yaliponikatalia. Niliandika mambo ya kodi, ya ng'ombe, ya barabara, ya kesi za mipaka ya mashamba. Yote hayo yamenitoka kichwani. Iliyobaki ni ile kazi ya kuwaandikia watu kura, na hiyo sikuifanya muda mrefu.

Nyinyi mnampa mtu karatasi, anaingia peke yake nyuma ya pazia, anatia alama yake, anatoka. Sisi hatukuwa na pazia. Sisi ndio tulikuwa pazia.

Mwaka wa hamsini na sita Wabelgiji waliamua kwamba wanaume wazima wa kila kilima, maana hapa kilima ndicho kijiji, wachague wenyewe watu wa kuwasemea. Kabla ya hapo Sushefu, yule mkuu mdogo aliyekaa chini ya shefu, ndiye aliyesema fulani anafaa na fulani hafai. Sasa mwanaume akaambiwa: sema wewe mwenyewe unamtaka nani. Wanawake hapana. Hapo Zaina alinikata jicho kama vile mimi ndiye niliyepanga.

Shida ilikuwa kwamba watu wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Basi kura ya siri ikawa hivi: mtu anakuja mezani, anainama, anamnong'oneza karani jina sikioni. Karani analiandika, anakunja karatasi, mtu anaitia kwenye sanduku kwa mkono wake mwenyewe. Siri ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao ni karani.

Mimi walinichukua kwa sababu sikuwa na kilima. Babu yangu alikuja kutoka Ujiji akiuza nguo, akaoa hapa, na sisi watu wa Majengo, mtaa wa wageni pale mjini, hatukuwa chini ya shefu yeyote. Mama yangu alitoka Cyanzarwe, kwa hiyo Kinyarwanda nilikinyonya. Bwana Administrateri, Mzungu aliyeongoza teritwari, alisema mtu asiye na shamba kilimani hana wa kumpendelea. Sijui kama alisema kweli, lakini ndivyo nilivyopata kazi.

Aliyenifundisha aliitwa Venanti. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Rubona, kapera, mwembamba, alisoma kwa mapadri miaka kadhaa halafu akatoka bila kuwa padri. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Kabla hatujapanda mlimani alinikalisha nyuma ya ofisi, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akaninong'oneza kwamba mama mkwe wangu ametoroka na Bwana Administrateri. Nikacheka.

"Umekufa," akasema. "Donc tunaanza tena."

Alinifanyisha mazoezi hayo siku nzima. Alininong'oneza matusi, majina ya marehemu, jina la mchumba wangu, majina ya wakubwa, na kila nilipokunja uso au kutikisa kichwa alinipiga kofi dogo kwenye goti.

"Kichwa yako inapiga kelele, Asumani. Mutu anasema jina, we unafanya hivi, umm. Ile umm inatosha. Wale wako nyuma kwa mustari wameisha kujua."

Mambo mengine aliyonifundisha nawapa bure, ingawa hamtayahitaji. Kalamu inasomwa na watu wanaoiangalia. Mtu aliyekaa mbali haoni ulichoandika, lakini anaona ncha ya juu ya kalamu inavyocheza, na jina fupi halichezi kama jina refu. Basi ukiisha kuandika jina fupi, usiinue mkono. Endelea kuisogeza kalamu hewani, juu kidogo ya karatasi, mpaka majina yote yafanane urefu. La pili, kila mtu muulize "Tena?", hata kama umesikia vizuri kabisa. Ukimuuliza mmoja tu, watu watasema karani ameshangaa, na watajiuliza kilichomshangaza ni nini.

Vichekesho vilikuwepo. Kule Cyanzarwe kuna mzee kiziwi alikuja, akaniinamia, akapiga ukelele wa jina uliosikika mpaka sokoni. Watu wote wakacheka, na mwenye jina akiwa pale pale kwenye mstari akaanza kumshukuru kwa kupunga kofia. Mwingine aliniambia niandike jina lake mwenyewe. Nikauliza, "Tena?" Akasema, "Mi ndiye ninajijua vizuri kuliko wengine." Na mwingine alichagua fahali wake, na alikuwa hatanii, alisema huyo hajawahi kumdanganya. Nikaliandika jina la fahali. Venanti alisema kazi yetu ni kuandika, kuchagua ni kazi yao.

Halafu tukapanda Bugeshi.

Mnakijua kilima cha Bugeshi, baridi yake haijabadilika. Siku ile ukungu ulikuwa umelala kwenye viazi, na volkano hatukuiona mpaka karibu saa sita. Tulikuta Sushefu ametuandalia mahali pa kura kwenye uwanja wa mbele ya nyumba yake. Jina lake silitaji, watoto wake na wajukuu wako hai, na wengine wamerudi, wanakaa hapa hapa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya taratibu, asiyejua kugombeza. Wa kugombeza alikuwa na watu wake. Meza yetu alikuwa ameiweka vizuri, na karibu na meza ameweka kiti chake.

Venanti akamsalimu kwa heshima, mikono miwili, halafu akasema, "Mukubwa, kiti yako iko karibu sana na meza."

"Hapa ni kwangu," Sushefu akajibu. "Nikae wapi? Juu ya muti?"

Watu wake wakacheka. Mzungu aliyetumwa kusimamia alikuwa bado anakunywa kahawa kwenye gari lake. Venanti hakubishana. Aliinama, akainua meza peke yake, akaibeba mpaka katikati ya shamba la viazi, akaiweka kwenye tuta. Alilowesha kidole, akakiinua, akageuza kiti cha karani mpaka upepo ukatoka upande wa Sushefu kuja kwetu. Maneno yote yakawa yanapeperushwa kuelekea mlimani, ambako hakuna mtu. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kuandika. Mimi nilisimama kwenye sanduku, mbali naye, nikiita mtu mmoja mmoja.

Watu walikuja na mablanketi mabegani. Mtu alivuka matuta peke yake, huku kilima kizima kinamwangalia, akainama, akanong'ona, akaulizwa "Tena?", akanong'ona tena. Wengine karatasi iliwaponyoka. Sushefu alikaa kwenye kiti chake akiangalia kalamu, na kalamu ya Venanti ilicheza sawasawa kwa kila mtu, jina fupi kwa refu.

Jina lililotoka kwenye sanduku kupita yote lilikuwa la Sebuhoro.

Sebuhoro alikuwa mkulima wa viazi aliyewahi kusimama mbele ya watu na kumwambia Sushefu kwamba siku za kazi ya barabara zimezidi, watu hawana muda wa kulima. Kwa neno hilo alipigwa viboko. Sasa kilima kimemchagua. Majina yalisomwa mbele ya Sushefu. Alitukaribisha maziwa, tukanywa.

Nawaambia pia kilichompata Sebuhoro, msije mkafikiri aliyeshinda alishinda. Kura ya watu iliishia pale chini. Waliochaguliwa waliingia kwenye baraza la Sushefu, na mwenyekiti wa baraza ni Sushefu. Mabaraza ya juu yake yalipangana yenyewe kama zamani. Sebuhoro alikaa kwenye kile kikao, akisema hasikilizwi, akinyamaza anaandikwa kwamba amekubali. Mwisho akachukua mke na watoto, akaenda kutafuta shamba Masisi, ng'ambo, upande wa Kongo. Sikumsikia tena.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kilichokuja kwanza ni Sushefu kutaka kujua nani na nani walisema lile jina. Alimwita Venanti kwake, akampa kiti, akampa pombe ya mtama. Venanti ndiye aliyenisimulia.

"We na mi ni damu moja," Sushefu alimwambia. "Unifichie nini?"

Maana Venanti, kwenye kile kijitabu cha kitambulisho cha Wabelgiji, alikuwa ameandikwa Mtutsi, kama Sushefu. Mngemwona mama yake, mjane wa mvuvi, akikausha samaki kwenye mkeka uliotoboka, hamngesema ana damu moja na mwenye kilima kizima. Lakini kijitabu hakikuandika mkeka.

Venanti akamjibu, "Mukubwa, nimesahau. Mi nikifunga kalamu nasahau."

Basi Sushefu akashika njia nyingine. Alishuka mpaka ofisini, akamwambia Administrateri kwamba watu wake hawajui kusoma, na karani amewaandikia jina alilotaka yeye. Ndio maana alihamisha meza, akasema. Alitaka kuwa peke yake.

Tuliitwa kwenye baraza ya ofisi, asubuhi, jua likiwaka ziwani. Administrateri hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyependa jambo liishe. Aliniuliza mimi, nikasema nilichokiona: nilikuwa kwenye sanduku, majina sikuyasikia. Akamgeukia Venanti.

"Ni rahisi," akasema, kwa Kiswahili chake cha jeshini. "We leta watu. Kila mutu atasema mbele yangu alichagua nani. Ikiwa sawa na karatasi, kesi imekwisha."

"Siwezi kuwaleta, Bwana."

"Kwa nini?"

"Niliwaambia ni siri. Nikiwaleta hapa waseme mbele ya Sushefu wao, ile haikuwa siri, ilikuwa mutego."

"Sasa mi nitajua aje kama we ni mwongo?"

"Hautajua, Bwana," Venanti akasema.

Fikirieni kidogo hapo, nyinyi wa pazia. Kitu pekee ambacho kingemwokoa ni vinywa vya wale watu, na hivyo ndivyo alivyoahidi kuviziba. Nilimwangalia, nilifikiri atageuza maneno. Alikuwa anaangalia ziwa.

Administrateri alitoa siku chache. Nadhani alitaka Venanti alegee. Badala yake, asubuhi moja tukamkuta mzee mmoja amekaa kwenye ngazi za ofisi. Blanketi limelowa umande, miguu imejaa tope jeusi la Bugeshi. Aliitwa Mzee Kabera. Hakuitwa na mtu. Alisikia kilimani kwamba karani anafukuzwa kwa uwongo, akateremka.

Administrateri akamwita Sushefu, maana alikuwa bado mjini, akamsimamisha Kabera mbele yao wote. Venanti alipomwona aliinuka.

"Mzee, rudi nyumbani," akamwambia kwa Kinyarwanda. "Mi sikukuita."

"Najua haukuniita." Kabera akamgeukia Mzungu, na mimi nikawa natafsiri. "Mi nilisema Sebuhoro. Huyu karani akaniuliza, tena? Nikasema tena, Sebuhoro. Akaandika. Mi sijui kusoma, lakini najua mutu anayenisikiliza."

Sushefu alikuwa amesimama karibu naye kama mimi na wewe hapa. Kabera hakumwangalia.

"Na wengine?" Administrateri akauliza.

"Wengine wako na midomo yao."

"Watakuja?"

Mzee akafikiri. "Walijua nakuja," akasema. "Wangetaka, tungekuja pamoja."

Hakuja mwingine. Administrateri alingoja siku zake ziishe, akasema shahidi mmoja kwa kilima kizima hatoshi, na karani ambaye watu wanamtilia shaka hafai, hata kama shaka si kweli. Venanti akaambiwa arudishe kalamu na funguo. Nilimsindikiza mpaka barabara ya Rubona, na Kabera tulimkuta anatungoja njia panda ili aage.

"Kwa nini umefanya hivi, Mzee?" Venanti alikuwa na hasira kweli. "Mi nilishakubali kufukuzwa. Niko na mukono, nitavua samaki. We utarudi kule kukaa na nani?"

"Ulinisikiliza vizuri," Kabera akasema. "Nikinyamaza, ingekuwa mi pia nimesema we ni mwongo."

Wakashikana mikono kwa muda mrefu, halafu mzee akashika njia ya juu, na Venanti njia ya ziwani.

Hakuna aliyemgusa Kabera. Hakupigwa, shamba lake halikunyang'anywa. Ila kila ilipotangazwa kazi ya barabara, jina lake lilikuwa la kwanza. Kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, jina lake. Kubeba mawe ya daraja, jina lake. Mwanaume wa umri ule angesamehewa, kulikuwa na ruhusa hiyo, mi mwenyewe niliijua ofisini. Niliwahi kuipeleka mbele ya Administrateri, nikamwambia kuna mzee fulani Bugeshi. Akasema ataandika. Aliandika, na jibu likaja kutoka kilimani kwamba mzee yule anapenda kazi, anakuja mwenyewe. Administrateri akaridhika.

Mvua za masika zikaja. Nyinyi mnajua mvua za kule chini ya volkano, zinaingia mpaka ndani ya mfupa. Kabera alichimba mfereji mzima akikohoa, halafu akashindwa kuinua jembe, halafu wakambeba nyumbani kwenye machela. Mke wake alimchemshia majani, akamweka karibu na moto. Akafa kabla viazi havijakomaa.

Nilikwenda kuzika. Venanti naye alikuja kwa miguu kutoka Rubona, ananuka samaki, kaptula ile ile lakini haina pasi. Kilima kizima kilikuja. Wanaume walichimba kaburi kwa kupokezana, na sijaona kaburi linachimbwa kwa haraka vile. Kila mmoja alitaka jembe mkononi ili asisimame bure karibu na Venanti. Hakuna aliyemsalimia. Sio kwa chuki. Hawakuwa na pa kuweka macho.

Tulipoteremka nilimwuliza anawaonaje. Akasema, "Wako na watoto." Basi.

Sasa nije kwenye mwaka wa hamsini na tisa, watu wa vilima walipowainukia wakubwa wao wa Kitutsi. Nyinyi mmesoma shuleni, sitawafundisha. Nawaambia nilichokiona kutoka dirisha la ofisi: moshi. Kwanza mmoja, upande wa mlimani, tukafikiri ni mtu anachoma majani. Halafu mwingine, halafu ukawa mstari unaoteremka, kilima kwa kilima, kama mtu anatembea na moto mkononi, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya Sushefu wa Bugeshi iliteketea, na ya kaka yake, na kaka yake akafia mlangoni. Lakini waliochoma hawakuishia kwa wakubwa. Walisoma kile kijitabu kama Wabelgiji walivyokiandika. Mwenye kilima na mwenye mkeka uliotoboka wakawa mtu mmoja. Moto ulipofika Rubona waliichoma na nyumba ya mama yake Venanti, pamoja na nyavu.

Waliokimbia walikusanyika kwenye uwanja wa shule moja mjini, wakingoja kuvuka kwenda Goma. Nilitumwa huko kugawa mablanketi. Ulikuwa mchana, na uwanja umejaa, lakini kimya; nimewahi kusikia mazishi yenye kelele kuliko pale. Nikamwona mama yake Venanti amekaa chini, na pembeni yake mwanamke mwingine ananyonyesha. Mkeka waliokalia walikuwa wameugawana, nusu kwa nusu. Mwanamke yule alikuwa mke wa Sushefu.

Sushefu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao, koti limeungua bega moja. Alikuwa amezeeka kupita miaka. Venanti alikuja na ndoo ya maji, akampa mama yake, akampa yule mwenye mtoto, halafu akamnyooshea Sushefu kikombe. Sushefu akanywa. Mimi nilikuwa nimesimama na mablanketi yangu, nasikia kila neno.

"Karani," Sushefu akasema. Sauti ilikuwa ile ile ya taratibu. "Sasa hakuna kiti, hakuna kilima. Uniambie tu nijue. Wale walisema Sebuhoro ni nani na nani? Maana ndio hao wamemuua ndugu yangu."

Venanti akaiweka ndoo chini.

"Wamechoma ya kwako pia," Sushefu akaendelea. "Mama yako amelala kwa majani. Unawalindia nini?"

Nilifikiri, sasa atasema. Mimi ningesema. Nawaambia kweli, pale pale ningeyataja majina yote.

"Kabera," Venanti akasema. "Yule alijisema yeye mwenyewe, mbele yako. Na amekufa, hajachoma nyumba ya mutu."

"Na wengine?"

"Wengine sikumbuki, Mukubwa."

Sushefu akafanya kitu nisichokitegemea: alikaa chini, pale pale kwenye udongo, karibu na miguu ya Venanti, akafunika uso kwa ile mikono mirefu. Mke wake akaanza kulia, na mtoto akaacha titi akalia naye. Nikawapa mablanketi. Sikuwa na kingine.

Kesho yake walivuka. Venanti alimbeba mama yake mgongoni. Kwenye kizuizi cha Goma aligeuka, akanipungia kama mtu anayekwenda sokoni. Miaka mingi baadaye mfanyabiashara mmoja aliniambia kuna mtu wa jina hilo alifundisha watoto kusoma kule Masisi, na kwamba amekufa kwa malaria. Labda alikuwa yeye. Majina yanafanana.

Kuna jambo moja limebaki, halafu mtaniacha nipumzike.

Moto ulipotulia, Administrateri alinituma Bugeshi niandike nyumba zilizoungua na, nikiweza, majina ya waliochoma. Alinipa askari wawili. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kila niliyemwuliza alisema hakuwepo, alikuwa shambani, alikuwa amelala na homa, alisikia tu. Mwisho nikafika kwa mjane wa Kabera. Nyumba yake haikuguswa. Alikuwa anamenya viazi mlangoni, akanikumbuka tangu mazishini, akanipa kigoda.

Nikamwuliza kama alimwona mtu.

Aliangalia njia. Aliwaangalia askari waliokuwa wakivuta sigara mbali kidogo. Halafu akasogea, yeye ambaye hakuruhusiwa kupiga kura, akaweka mdomo kwenye sikio langu, akanitajia majina. Yalikuwa majina niliyoyajua. Wawili kati yao walimchimbia mume wake kaburi.

"Mama," nikamwambia, "sema tu kwa sauti. Sushefu ameisha kwenda."

"Najua ameenda," akasema. "Sasa iko wengine."

Nilikuwa nimeshafungua kalamu. Nikamwuliza, "Niandike?"

Akarudi kwenye viazi vyake, akachukua kimoja, akaanza kukimenya polepole.

"Andika," akasema, "kama uko na nyumba ingine ya kunipeleka."

Sikuwa nayo. Nilikuwa na chumba kimoja Majengo, na mke, na watoto. Nikafunga kalamu. Nilipowaambia askari tuteremke, mmoja akauliza kama nimepata kitu, nikamjibu kwamba mama huyu ni mzee, hasikii vizuri.